Vibao vya Kona ya Tatu

Villafreida, Jumatano 12 Juni

Baba,

Ilda ameniambia kwamba ng'ombe wote ishirini na sita wamefika malishoni Pra Lonzo salama, na kwamba ulipanda nao kwa miguu siku nzima wakati gari lake lilikuwa na nafasi. Kwanza nilikasirika, halafu nikafurahi. Kumbe ile nyonga mpya imeukubali mlima. Lakini usinifanye nijute. Tulikubaliana mbele ya daktari: ukianguka tena, hata mara moja, ng'ombe wanauzwa na wewe unakuja kukaa na mimi huku mjini. Ulitikisa kichwa ukakubali, na daktari ni shahidi.

Simu yako iliingia kwenye ndoo ya maziwa mwaka juzi na ukakataa nyingine, kwa hiyo turudi kwenye karatasi. Ilda atazibeba barua zetu anapokuja kuchukua jibini, Jumatano na Jumamosi. Ameahidi kutozisoma. Mimi simwamini.

Habari kubwa sasa. Hifadhi imeukubali mpango wangu! Njia ya baiskeli za changarawe, kilomita hamsini na nne, itaanzia hapa uwanjani, ifuate mto, ipande barabara ya zamani ya jeshi, ipite mlangoni kwako, ipande zile kona hadi pito la Nera juu mlimani na kuteremkia bonde la pili. Hakuna lami hata hatua moja. Uzinduzi ni Jumapili tarehe 14 Julai, na watu sitini wameshajiandikisha. Msimu huu ukienda vizuri, Bwana Rostagno, mkuu wetu, amesema nitapewa ajira ya kudumu. Miaka sita, Baba, ya mikataba ya miezi sita sita. Nimechoka kuulizwa kila Desemba kama mwakani nitakuwepo.

Jumatatu nitakuja na mwenzangu Tazio kupiga vibao. Tuwekee maziwa.

Wako,
Delfina


Pra Lonzo, Jumamosi 15 Juni

Delfina,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani.

Hongera. Mama yako angalikuwepo angepika kitu. Mimi nimempa Marchesa chumvi ya ziada na kumwambia kwamba binti yangu anakuwa mtu wa ofisi. Hakushtuka. Ng'ombe yule hashtuki kwa lolote.

Hao watu wako wa baiskeli nimeshaanza kuwaona. Jana alipita mmoja, kaptula imembana hadi nikaona aibu kwa niaba ya ng'ombe. Akaniuliza, "Mzee, kuna maji?" Nikamwambia, "Yapo, ila ya ng'ombe." Akainama akanywa humo humo kwenye hori. Nikamkatia jibini, akamaliza kipande ambacho mimi ningekula siku tatu. Nikamuuliza unakimbilia wapi? Akasema hakimbilii popote, anatembea tu. Mtu anapanda mita elfu moja na mia mbili juu ya kiti chembamba kama kisu halafu anasema anatembea tu! Lakini siwachukii watu wa namna hiyo. Njaa yao ni ya kweli.

Barabara hiyo babu yako aliichonga kwa sururu akiwa askari, wala hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Angecheka sana kusikia watu wanaipanda kwa hiari.

Njooni Jumatatu. Maziwa yatakuwepo.

Baba yako,
Severino


Villafreida, Jumatano 26 Juni

Baba,

Asante kwa maziwa ya Jumatatu ile. Tazio bado anayataja.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu kuna jambo silielewi. Jana tulimtuma mama mmoja mwendesha baiskeli aijaribu njia yote kabla ya uzinduzi. Amerudi anasema alipopita kwako hakukuona mtu, na alipofika chini ya kona ya tatu alikuta gogo la msonobari limelala barabarani kutoka ukingo hadi ukingo. Vibao vyetu havipo. Vinne, vyote vya kona ile, vimeng'olewa pamoja na nguzo zake. Akageuza.

Upepo haung'oi nguzo tulizozipiga kwa nyundo mimi na Tazio hadi mikono ikatoka malengelenge. Umeona mtu yeyote? Kama kuna watu wanaopita huko kuharibu, niambie niwaambie askari wa hifadhi. Na hilo gogo, je, lilianguka lenyewe?

Nijibu Jumamosi, tafadhali. Zimebaki wiki mbili na nusu.

Delfina


Pra Lonzo, Jumamosi 29 Juni

Delfina,

Usiwasumbue askari. Vibao nimeng'oa mimi. Gogo nimeliweka mimi, nililivuta kwa nyumbu.

Baiskeli zinawasumbua ng'ombe. Wapitishe watu wako juu, kwa njia ya kikanisani. Ni ndefu kidogo lakini watafika.

Usishangae mwandiko. Penseli imebaki fupi.

Severino


Villafreida, Jumatano 3 Julai

Baba,

Nimekaa na kikaratasi chako siku nne.

Baiskeli zinawasumbua ng'ombe? Marchesa yule yule asiyeshtuka kwa lolote? Wiki mbili zilizopita ulikuwa unamkatia jibini mwendesha baiskeli na kunisimulia kaptula yake. Ulitukaribisha. Ulisimama pale kona ya tatu, ukanishikia nguzo kwa mkono wako nikipiga nyundo! Sasa unaniandikia mistari sita kama anayemwandikia mtoza ushuru.

Nikueleze ninachofikiri? Nafikiri ulipokwisha kuona vibao vimesimama uligundua kwamba hii si hadithi ya Delfina tena, ni jambo la kweli, na watu watapita mlangoni kwako kila siku, na Pra Lonzo haitakuwa yako peke yako. Nilipokwenda kusoma ulinuna mwaka mzima. Nilipoanza kazi hifadhini uliniambia nimekwenda kuwatumikia watu wanaohesabu maua. Nilidhani hayo yamekwisha.

Njia ya kikanisani nimeipima. Ni mawe matupu kwa nusu kilomita, itabidi washuke na kubeba baiskeli mabegani. Ramani zimeshachapishwa. Mhandisi aliipita barabara ya jeshi mwezi Mei na akasema ni imara. Nimwambie nini Bwana Rostagno, kwamba baba yangu ameamua vingine?

Nimeshamwambia, maana ilinibidi. Amesema Jumapili tarehe 7 atapanda na askari wawili wa hifadhi kurudisha vibao. Nami nitakuwepo. Naomba siku hiyo usinitie aibu.

Delfina


Pra Lonzo, Jumamosi 6 Julai, asubuhi

Delfina mwanangu,

Ilda amekaa hapa mezani ananiangalia, injini ya gari inanguruma nje. Amesema haondoki mpaka niandike ukweli, na nisipouandika ataueleza yeye kwa kinywa chake. Naandika kwa mkono wa kushoto, nivumilie.

Msije kesho na gari pale kona ya tatu. Wala gari, wala baiskeli, wala mtu. Chini yake ni tupu.

Siku tatu baada ya nyinyi kuondoka, Alhamisi tarehe 20, mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Nilikuwa namrudisha Marchesa kutoka juu. Pale konani, upande wa ukuta wa mawe, mguu wake wa nyuma ukazama barabarani hadi gotini. Nikamshika kamba, akajirusha, akatoka. Mimi nikabaki chini. Nilianguka juu ya ukingo wa ukuta. Nilipoinuka nikaingiza fimbo yangu kwenye lile tundu aliloacha mguu wake. Fimbo ikaingia yote, Delfina, na mkono wangu hadi begani, na sikugusa kitu. Kulikuwa na upepo wa baridi unatoka humo. Maji yamekula barabara kwa ndani. Kwa juu imebaki ganda la changarawe, nzuri kabisa kuitazama.

Nimevunjika kifundo cha mkono wa kulia, na nadhani mbavu mbili. Ilda amenifunga kwa vipande vya kasha la jibini. Nilimwapisha asiseme. Usimlaumu, nilimwapisha kwa jina la mama yake.

Unajua kwa nini sikukuambia. Ningekuambia kuhusu shimo ungeniuliza nimelijuaje, nami mbele yako sijui kudanganya kwa mdomo. Kwenye karatasi nilidhani nitaweza. Nilitaka ng'ombe wafike Septemba, basi. Nikajiambia nikiziba njia, hakuna atakayepita, hakuna atakayeumia, na kuhusu mkono nitakuja kusema umeumia siku ya kuteremka. Upande wa chini nimeweka gogo. Upande wa juu nyumbu amekataa kupita, na mimi kwa mkono mmoja sikuweza. Nimepanga mawe tu, na ubao nimeuandika.

Barua yako imeniuma, lakini ungenijua vipi? Sikukupa nafasi ya kunijua. Si kweli kwamba sikutaka watu wapite.

Uza ng'ombe ukitaka. Ila kesho msipite pale.

Baba


Villafreida, Jumamosi 6 Julai, saa nne asubuhi

Delfina,

Naiweka hii chini ya mlango wako pamoja na barua ya baba yako. Nimekupigia simu mara saba tangu nilipofika darajani, hupatikani. Jirani yako wa dukani anasema amekuona ukipakia baiskeli kwenye basi la saa kumi na mbili, la kwenda bonde la pili. Kwa nini bonde la pili? Si mlisema Jumapili?

Kama unasoma hii, basi umerudi, na nitapiga magoti kanisani nisipoona haya. Narudi juu sasa hivi. Jibini nimeziacha juani, zioze.

Nisamehe kwa kunyamaza.

Ilda


Pra Lonzo, Jumatano 10 Julai

Baba,

Natumai kitanda changu kinakufaa na hujaanza kugombana na yule jirani wa juu mwenye filimbi. Plasta inawasha? Daktari alisema itawasha. Usiingize kijiti.

Jumapili garini hatukuzungumza, wewe kwa sababu ya mbavu, mimi kwa sababu Ilda alikuwa akiongea kwa niaba yetu wote. Sasa wewe uko mjini kwenye nyumba yangu na mimi niko malishoni kwenye nyumba yako, na nimegundua kwamba kuandika ni rahisi zaidi. Wacha nikuambie.

Jumamosi sikuwa nimekuja kukusumbua. Ijumaa Bwana Rostagno aliniambia kwamba askari wakivikuta vibao havipo watakuandikia faini, na kwamba utaitwa kujieleza mbele ya kamati. Usiku ule ule nikaamua nitatangulia peke yangu Jumamosi, nivirudishe mwenyewe, ili Jumapili wakifika wakute kila kitu kimesimama na wasiwe na la kuandika. Nilikukasirikia sana, Baba, lakini sikutaka usimamishwe mbele ya watu. Nikapitia bonde la pili kwa sababu nilitaka nikufikie kwa juu, bila kuonwa na mtu wa Villafreida, na pia, nikiri, nilitaka kuijaribu njia yangu.

Njia ni nzuri mno. Kutoka pitoni kuteremka, changarawe imelala laini, jua mgongoni, nikaachia breki. Kona ya tano, kona ya nne. Nilikuwa naimba. Nikaona mawe yamepangwa barabarani, madogo, kama mchezo wa watoto, nikajiambia nitayapita kwa pembeni, upande wa ukuta. Upande ule ule! Halafu nikaona ubao. Uliandika neno moja tu, TUPU, na herufi zake zililala vile vile kama zile za barua yako ya penseli fupi. Sijui kichwa kinafanyaje kazi. Sikufikiria barabara hata kidogo. Nilifikiri: huo si mwandiko wa penseli fupi, huo ni mwandiko wa mkono wa kushoto. Ameumia. Nikakamata breki zote mbili kwa ajili ya hilo, Baba, kwa ajili ya mkono wako. Baiskeli ikaserereka, nikaanguka upande wa mlima, nikala nyasi.

Tairi la mbele lilikuwa limepita mstari wa mawe yako kwa shibiri moja.

Baadaye nilichukua pampu nikagonga changarawe mbele yangu. Ikaingia kama inaingia kwenye siagi.

Nikazunguka kwa kikanisani na baiskeli begani. Nilipofika ulikuwa umekaa mezani mbele ya ugali wa mahindi, uso umekauka, ukasema tu, "Polenta imepoa." Nikajua umekasirika, na nikaona una haki. Ndiyo maana nilinyamaza.

Sasa sikia la jana. Mvua ilianza saa sita mchana. Saa tisa nilikuwa zizini na Gualtiero, kaka yake Ilda, anayekuja kunisaidia kukamua kwa sababu mikono yangu imesahau. Tukasikia kishindo. Haikuwa radi, kwa sababu radi huisha, na hiki kiliendelea. Tukatoka. Kona ya tatu haipo. Ukuta, barabara, msonobari wa ukingoni, vyote vimeteremka hadi kijitoni. Gualtiero alivua kofia. Ng'ombe walikuwa upande huu wote, nimewahesabu mara tatu. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyekuwa njiani. Hakuna mtu, Baba. Jumanne, mvua, na gogo lako.

Leo asubuhi Bwana Rostagno, niliyemzuia Jumapili asipande, amekuja kuona kwa macho yake. Alisimama pale ukingoni, ameshika ramani zetu zilizochapishwa, zimelowa. Kisha akaniuliza, "Watu sitini?" Nikamwambia, "Sitini na watatu sasa." Akakaa chini kwenye jiwe. Faini hakuitaja tena.

Njia itapita kikanisani. Tazio na wenzake watano wanasawazisha yale mawe tangu saa nane. Wanasema watamaliza Ijumaa.

Mwanao,
Delfina


Villafreida, Jumamosi 13 Julai

Delfina,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye choo chako, ndicho chumba pekee ambacho filimbi haifiki.

Kuhusu kona, nilipofika kwenye neno kishindo nililazimika kuiweka barabara hiyo, samahani, barua hiyo, chini kwanza. Unaona, hata kalamu inachanganyikiwa. Nimelala vizuri usiku wa kuamkia leo, mara ya kwanza tangu tarehe 20 mwezi uliopita. Nilikuwa nalala nikiwahesabu watu wanaopita kwenye ile kona, wanaanguka mmoja mmoja, na wote wana uso wako. Sasa hakuna kona. Acha iende. Babu yako aliijenga kwa kulazimishwa na imeondoka bila kumchukua mtu.

Daktari ameniona jana. Mbavu ni tatu, si mbili. Amesema, "Mzee Challier, umekamua wiki mbili na nusu ukiwa hivi?" Nikamwambia nilikuwa nakamua kwa mkono mmoja, na ng'ombe walikuwa na subira kuliko yeye. Kisha nikamkumbusha mwenyewe ile ahadi, nisije nikaonekana nimejificha. Nikasema nimeanguka, kwa hiyo nauza. Akanitazama juu ya miwani. Akasema ulimpigia simu kutoka kikanisani Alhamisi. Akasema mmeshapanga, mimi nirudi Pra Lonzo mwanzoni mwa Agosti, Gualtiero anakamua, mimi nakaa kwenye kiti na kutoa amri. Mlipanga bila kuniuliza!

Ningekuwa mtu wa maneno ningesema kitu.

Kuna jambo moja la muhimu: Bionda usimkamue kwa kushoto, anapiga teke.

Baba


Pra Lonzo, Jumapili 14 Julai, jioni

Baba,

Bionda ananipiga teke tangu Jumatatu. Barua yako imechelewa kidogo.

Wamepita! Sitini na watatu wametoka, sitini na watatu wamefika bonde la pili, nimepata habari kwa redio ya Tazio sasa hivi. Wawili walipata pancha. Bibi mmoja wa miaka sitini na minane alipanda ile sehemu ya kikanisani bila kushuka, halafu akawasubiri vijana juu akila tofaa. Walisimama hapa wote, wakamaliza jibini nne nzima. Wengi walikwenda kuangalia kona kutoka nyuma ya kamba tuliyofunga.

Bwana Rostagno alinivuta pembeni. Amesema barua ya ajira itatoka Septemba, ya kudumu. Nilimshukuru vizuri, kwa heshima. Kisha nikaenda nyuma ya zizi nikaruka ruka peke yangu kama ndama aliyefunguliwa, mpaka Gualtiero akaja kuuliza kama nimeumwa na nyuki.

Nasikia wewe ndiye uliyewafungulia njia asubuhi pale uwanjani. Ilda hataki kunieleza, anacheka tu. Ulisema nini?

Delfina


Villafreida, Jumatano 17 Julai

Delfina mwanangu,

Rostagno alinijia mlangoni Jumamosi jioni na chupa ya mvinyo. Akaomba nije niwaage. Nikamwambia mimi si msemaji. Akasema maneno mawili tu yanatosha. Basi Jumapili wakanipandisha kwenye kiti, na mkono wangu wa plasta, na wale watu wote wa kaptula wananitazama. Nikasema, "Shikeni breki." Nikateremka. Walipiga makofi kana kwamba nimehutubia saa nzima. Ndicho anachochekea Ilda.

Hongera kwa ajira. Nimeikata ile sehemu ya barua yako nikaiweka kwenye picha ya mama yako.

Sasa kuna kitu sikukuandikia kwenye barua ya Jumamosi, na kwa kuwa nimeshaingia tabia ya kusema ukweli, wacha nimalizie.

Uliandika kwamba ulinikuta mezani nimekasirika. Nikuambie ilivyokuwa. Ilda alikuwa ameondoka kitambo, nami nilikuwa nje na ndoo, natulia, nikijua barua inateremka na kesho hamtapita. Mara nikasikia changarawe. Unajua mlio wake, tairi likiteremka kwa kasi, kama mtu anayemimina mchele bila kukoma. Ulitoka juu. Kona ya tano. Kona ya nne. Nikatupa ndoo. Nikakimbia, Delfina, na hizi mbavu, na hii nyonga, kiatu kimoja kikabaki matopeni. Nikapiga kelele lakini sauti haikutoka, pumzi ilikuwa imekwama ubavuni. Nilifika kwenye gogo, na gogo lenyewe nililiweka mimi, na kwa mkono mmoja sikuweza kulipanda.

Kisha mlio ukakatika.

Sijui kama unaelewa. Ukimya ule unaweza kuwa mambo mawili tu. Nilikuwa nimelishikilia gogo, kona imenikingia, sioni kitu. Hapakuwa na upepo, hata kengele za ng'ombe hazikulia. Sikumwomba Mungu. Sikufikiria chochote. Nilisikiliza tu.

Halafu ukaanza kutukana.

Ulimtukana mhandisi. Ukaitukana hifadhi. Ukaitukana baiskeli, ukawatukana waliobuni breki, ukanitukana na mimi, kwa lugha ya huku kwetu, kwa matusi ambayo sikujua kama unayajua, na mengine nadhani uliyabuni pale pale. Uliendelea muda mrefu, na sauti yako ilikuwa nzima, ina nguvu, haina maumivu yoyote ndani yake. Nilikaa chini matopeni nikaisikiliza yote. Nilicheka mpaka mbavu zikanifanya nilie, kisha nikalia kweli, kisha nikakusikia unaokota baiskeli na kuanza kupanda kuelekea kikanisani.

Nikapata kama robo saa. Nikatafuta kiatu. Nikanawa uso. Nikaingia ndani nikakaa mezani, na ulipofungua mlango nilikuwa na mengi mno ya kukuambia, yakagombania kutoka yote kwa pamoja, na lililotoka ni lile la polenta.

Sikuwa nimekasirika, Delfina. Nilikuwa nimefurahi kuliko siku uliyozaliwa, maana siku ile nilikuwa bado sikujui.

Baba yako,
Severino